Mkunga Atatoka Wapi?

Juzi nilimsikia mtu ninayemheshimu, mtu wa swala tano, akisema wanawake wa Afghanistan wamestiriwa. Waacheni wakae majumbani, alisema, hiyo ndiyo heshima yao. Kwa umri wake sikuthubutu kumbishia mbele za watu, nikanyamaza, na kunyamaza huko kumeninyima usingizi.

Mzee wangu, shikamoo. Nakujibu hapa.

Desemba 2024 Taliban, watawala wa Kabul, waliwazuia wasichana kusomea uuguzi na ukunga. Sekondari walishafungiwa tangu 2021. Vyuo vikuu vikafuata Desemba 2022, na siku chache baadaye kazi kwenye mashirika ya misaada. Saluni za wanawake zikafungwa Julai 2023. Ukunga ulikuwa mlango uliobaki. Kuna wasichana waliokuwa wanataka kuwa mawakili au wahandisi wakaingia darasa la ukunga kwa kuwa ndilo darasa pekee lililowapokea. Nalo wakatolewa, wengine wakilia kwenye korido za chuo.

Huko mila za vijiji vingi, hata kabla ya utawala huu, zinataka mwanamke ahudumiwe na mwanamke mwenzake. Sibishani na stara. Mimi mwenyewe ningependa hivyo kwa mama yangu na dada zangu. Lakini ukishasema mwanamume asimguse mzazi, umejifunga kuhakikisha yuko mwanamke aliyefundishwa wa kumgusa. Huwezi kukataza yote mawili. Damu ikianza kumwagika baada ya mtoto kutoka, mama anaweza kufa ndani ya saa mbili. Kinachomwokoa ni sindano ya oksitosini na mikono inayojua kukanda mfuko wa uzazi, na mikono hiyo hufundishwa. Kumpenda mzazi na kumwombea dua hakusimamishi damu.

Nchi ile inajua gharama yake. Utafiti wa mwaka 2002 katika wilaya ya Ragh, huko milimani Badakhshan, ulikuta vifo vya uzazi 6,500 kwa kila vizazi hai 100,000. Ndipo ikaanzishwa mipango ya kuchukua wasichana kutoka vijijini, kwa ridhaa ya wazee na baba zao, wakafundishwa kama miaka miwili kisha wakarudi kuzalisha kwao. Hapa ndipo naguswa zaidi: waliowaruhusu walikuwa wanaume wahafidhina hasa, watu ambao wasingemruhusu binti kufanya kazi nyingine yoyote. Walikuwa wamezika wake zao. Kufikia 2020 makadirio ya vifo kwa nchi nzima yalikuwa yameshuka hadi takriban 620 kwa kila vizazi hai 100,000, idadi ambayo bado ni kubwa mno.

Nakubali, tena kwa shingo upande, kwamba barabara sasa zina usalama kuliko miaka ya vita. Aliyeshikwa na uchungu usiku hapiti tena katikati ya risasi. Akifika zahanati, atapokewa na nani?

Kuhusu riziki sitasema mengi. Bibi Khadija alikuwa mfanyabiashara na Mtume ﷺ alisafiri na mali yake. Hilo tumefundishwa tukiwa watoto madrasa. Na Afghanistan imejaa wajane wa vita ambao hawana mwanamume wa kuwaletea unga.

Ila mzee wangu, wewe unanizidi elimu ya fikihi, kwa hiyo nakuuliza la fikihi. Maulamaa waliuhesabu utabibu kuwa fardhi kifaya: wakiutekeleza baadhi, jamii nzima imesalimika, na wote wakiuacha, wote wana dhambi. Kama mila inataka tabibu wa mzazi awe mwanamke, basi fardhi hiyo wataibeba wanawake. Anayewazuia kusoma anaifanya jamii nzima ishindwe kuitekeleza, halafu anaita jambo hilo dini. Januari 2025 Abbas Stanikzai, aliyekuwa naibu waziri wa mambo ya nje wa utawala huo huo, alisema hadharani kwamba hakuna hoja ya kuwanyima wasichana elimu. Kama wa ndani yao ameliona, sisi tunawatetea kwa lipi?

Wakunga waliohitimu kabla ya amri ile bado wako kazini. Wengine wanahama nchi, wengine wanazeeka, na wengine nao ni wajawazito.