Kujilinganisha kwa huduma za maji: Kisumu na Nakuru zitazame nini?

Mtu akitaja ziara za kujifunza mbele ya wakazi wa Kisumu au Nakuru, wengi hukumbuka posho za wawakilishi wa wadi na safari za ng'ambo ambazo matunda yake hayakuonekana mtaani. Lawama hiyo ina msingi, lakini imeuchafulia jina utaratibu ambao kampuni zetu za maji zinauhitaji sana: kupima kazi yako kando ya kazi ya anayeifanya vizuri zaidi.

Utaratibu huo ulipata sura yake ya sasa katika kampuni ya Xerox ya Marekani. Mnamo 1979, ilipogundua kwamba washindani kutoka Japani waliuza mashine za kunakili kwa bei inayokaribia gharama ambayo yenyewe ilitumia kuziunda, Xerox ilizifungua mashine hizo kipande kwa kipande ili kujua tofauti ilitoka wapi. Baadaye, ilipotaka kurekebisha bohari zake, ilienda kwa L.L. Bean, wauzaji wa viatu na mavazi kule Maine, kwa kuwa wao walikuwa hodari wa kukusanya na kufungasha oda. Biashara zilikuwa tofauti kabisa, ila kazi ya kutoa kitu rafuni hadi kwenye boksi ilikuwa ileile.

Nchini Kenya, Bodi ya Kudhibiti Huduma za Maji, Wasreb, hutoa ripoti inayozipanga kampuni za maji kwa alama. Kipimo kinachozungumziwa zaidi ni maji yasiyoleta mapato, yaani yale yanayosafishwa na kusukumwa bombani lakini hayalipiwi, ama kwa kuvuja, kuibwa, au mita kutosoma sawasawa. Kwa miaka mingi wastani wa taifa umepita asilimia 40. Naiunga mkono orodha hiyo, kwa sababu bila kulinganishwa hadharani kila meneja angeweza kudai kwamba hasara yake ni ya kawaida, na mwananchi anayenunua maji kwa mitungi asingekuwa na hoja ya kumjibu.

Hata hivyo, asilimia ni kitu cha kusomwa kwa uangalifu. Kampuni ambayo mita yake ya pale maji yanapozalishwa imeharibika hukadiria tu kiasi ilichozalisha, na kadirio la chini hupunguza hasara kwenye karatasi bila kuziba tundu hata moja. Vivyo hivyo, mtaa unaopata maji siku mbili kwa wiki hauwezi kuvujisha sawa na mtaa unaopata saa 24, kwani bomba kavu halivuji. Kwa hiyo anayehudumia wateja wake vibaya anaweza kuonekana bora kuliko anayewahudumia vizuri. Gharama nazo zina mtego wake. Kisumu huteka sehemu ya maji yake katika mto Kibos, upande wa Kajulu, yakateremka kwa nguvu ya mwinuko, na nyingine huisukuma kwa pampu kutoka ziwani, Dunga. Nakuru hutegemea kwa kiasi kikubwa visima virefu vinavyokula umeme, katika ukanda ambao floridi ya ardhini, madini yanayoharibu meno yakizidi majini, ni tatizo la siku zote. Kumlaumu meneja wa Nakuru kwa bei ya kila mita ya ujazo bila kutaja hayo ni kumwonea.

Wageni wanaokuja kujifunza Nyalenda, Kisumu, huonyeshwa chemba ya zege yenye mita zilizopangwa pamoja, na mabomba membamba yanayotoka hapo kwenda nyumbani kwa watu. Ni rahisi kuipiga picha na kwenda kujenga kama hiyo kwingine. Lakini chemba si siri ya mpango huo. Kampuni humuuzia mwendeshaji wa mtaani maji kwa jumla, kwa mita kubwa iliyo mwanzoni mwa laini, naye huwauzia wakazi kwa mita ndogo. Mwisho wa mwezi anajumlisha mita ndogo na kuziweka kando ya ile kubwa, na pengo lolote linatoka mfukoni mwake. Ndiyo maana ana sababu ya kufuatilia bomba lililokatwa usiku kabla ya mtu yeyote wa makao makuu kusikia habari zake. Atakayenakili zege na kuacha hesabu hiyo atarudi na chemba nzuri tu.

Kwa maoni yangu, basi, ziara si lazima zifutwe, ila wanaotumwa wabadilishwe. Kati ya Nakuru na Kisumu ni safari ya siku moja kwa matatu. Waende msoma mita, fundi wa mabomba na karani wa bili, wakiwa na vipimo vyao vya miezi 12 vya eneo moja tu, wakae na wenzao wanaofanya kazi hiyohiyo, na mwaka mmoja baadaye vipimo vya eneo hilohilo vibandikwe mahali ambapo mteja anayelipa bili anaweza kuvisoma.