Pweza wa Tafuno la Kumi na Moja

Kikombe chenyewe kilikuwa cha plastiki, mililita 30, kile cha kupimia dawa ya maji. Muuguzi alinitilia mkononi siku naruhusiwa kutoka hospitali huko Dar es Salaam, baada ya kukatwa tumbo ili nipungue, na masharti yake: kimoja kila dakika 15, usigugumie, usipige funda, onja kama mtu anayeonja mchuzi wa mwenzake. Nikapiga hesabu, maana kazi yangu ni hesabu. Vikombe vinne kwa saa ni mililita 120. Nikikaa macho saa 14 napata lita 1.68, na wao walitaka nisishuke chini ya lita moja na nusu. Kwa hiyo nikisinzia mchana, nimekosa maji ya siku.

Sasa chora picha. Chikongola, Mtwara mjini, mabibo, yale matunda ya mkorosho, ndiyo kwanza yameanza kudondoka na kila upepo unaopita una harufu yake. Saa kumi na mbili asubuhi mwanamume mzima kakaa barazani peke yake. Ana chupa ya kitu cheupe kama maji. Anamimina kwenye kikombe kidogo, anakunywa, anafumba macho, anashika kifua, anatazama saa. Anasubiri. Anamimina tena.

Babu jirani alinitazama juu ya ua wa makuti siku tatu mfululizo. Siku ya nne akanisalimia kwa huruma, kama mtu anayesalimia msibani.

Macho nilikuwa nafumba kwa sababu tumbo jipya asubuhi huwa limekaza, na maji yakiwa ya baridi yanashuka kama kokoto. Dawa yake ni maji ya uvuguvugu, nilijua baadaye. Lakini babu hakuona tumbo, aliona kikombe. Na msimu wa mabibo, kikombe kidogo cha kitu cheupe, hapa kwetu, kina jina moja tu: gongo, pombe kali ya mabibo.

Kosa lilikuwa langu. Nilikuwa nimewaambia watu nakwenda Dar kukatwa ngiri. Ningewaambiaje ukweli? Mimi ni mpima mizani wa chama cha msingi, nakaa ghalani msimu mzima nikipima korosho za watu. Kitambi kwa mpima mizani ni kama kofia kwa askari. Utamwelezaje mkulima aliyepalilia mikorosho yake kwa njaa kwamba umelipa pesa taslimu ukatwe tumbo ili usile?

Na kukatwa kwenyewe si maneno. Wanapitisha vyombo kwenye matundu matano madogo, wanaondoa kama robo tatu ya tumbo na zaidi, wanabana kwa pini ndogo za chuma, kinachobaki ni mrija kama ndizi. Ile sehemu ya juu iliyoondolewa ndiyo hutengeneza kwa wingi kemikali inayoleta njaa, ndiyo maana wiki za mwanzo nilikuwa nasahau kula kabisa. Mimi! Niliyekuwa namaliza ugali wa watu watatu kisha nauliza ukoko uko wapi.

Safari ya kurudi ilikuwa na vituko vyake. Damu ikikaa palepale miguuni inaganda, kwa hiyo shemeji alikuwa anasimamisha gari kila saa, nashuka, nazunguka gari mara kumi, napanda. Nangurukuru wachuuzi wakadhani natafuta samaki wa kununua, wakawa wananizunguka na mimi nalizunguka gari. Tulionekana kama ngoma.

Wiki mbili za kwanza zilikuwa za majimaji tu: supu ya kuku iliyochujwa hadi inapita kwenye kitambaa, maziwa, mtindi uliolainishwa, na unga wa protini. Wiki ya tatu na ya nne vya kusagwa, laini kama chakula cha mtoto wa miezi sita. Mke wangu alikuwa anachemsha changu, anatoa miiba, anasaga na supu yake kwenye blenda, ananipa vijiko vinne. Uji wa kawaida alinikatalia. Si kwamba ni sumu. Unajaza nafasi yote halafu protini hamna, na mimi nilitakiwa gramu 60 kwa siku. Yai moja ni kama gramu sita. Bilauri ya maziwa nane. Hesabu nyingine hiyo, na tumbo lenyewe halibebi bilauri nzima kwa wakati mmoja.

Nikaanza kupungua. Mizani ya nyumbani ilikuwa inagota 120, haina habari na mimi, kwa hiyo nilikuwa najipima ghalani, kwenye mzani wa magunia, kabla wakulima hawajafika. Kabla ya upasuaji 148. Wiki ya tano 132. Makuli wakawa wanatangaza kwa sauti: "Gunia limetoboka hilo! Daraja la pili!" Kilo 16, mashavu yameingia ndani, kikombe barazani, safari ya Dar isiyoeleweka. Babu alikuwa na ushahidi wa kutosha. Alimwambia shangazi wa mke wangu, anayekaa Mikindani, na shangazi akikabidhiwa jambo hulifikisha.

Jumamosi hiyo ilikuwa harusi ya mdogo wake mke wangu, hukohuko Mikindani. Nilikuwa siku ya 37. Wiki ya tano na ya sita unaruhusiwa vitu laini: yai, samaki wa kuchemsha, maharage yaliyoiva yakapondeka. Pilau bado. Nyama bado. Pweza hata usimuulizie.

Nikajipanga. Saa tano nikala yai moja nyumbani, kwa kijiko cha mtoto, dakika 20 nzima. Nikakaa nusu saa bila kunywa, maana maji juu ya chakula yanagombania nafasi ambayo haipo. Kisha nikatia chupa na kikombe kwenye mfuko wa koti, tukapanda bajaji.

Uzuri wa sinia ni kwamba watu wanne mnakula mahali pamoja na hakuna anayehesabu matonge. Mbinu yangu: mkono unakwenda, vidole vinachota punje sita, vinazisogeza upande wa jirani, mkono unarudi mdomoni mtupu, taya zinafanya kazi yake. Nilisafisha nusu ya sinia hivyo bila kumeza kitu. Jirani yangu upande wa kulia alikuwa mtu wa kula, akawa anashukuru kimoyomoyo. Upande wa kushoto, sijui nani alimpanga pale, alikuwa babu.

Ndipo akaja shangazi mwenyewe, bakuli mkononi.

"Baba, hukuonekana siku nyingi. Nimekupikia pweza wa nazi kwa mkono wangu. Kula nikuone."

Kula nikuone. Ukikataa chakula cha mkono wa shangazi mbele ya sinia la watu umekataa ukoo, na wakati huo tayari umeshawekwa kwenye kundi la walevi. Mke wangu alikuwa upande wa wanawake, nikamtafuta kwa macho, simwoni. Nikatazama bakuli. Nikachagua kipande kidogo kuliko vyote, kama kiungo cha kidole gumba. Nikajiambia: ntu nzima huyu, atashindwa na kipande kimoja? Sheria ni kutafuna mara 25 hadi 30, mpaka kiwe uji. Nitatafuna 40.

Nikaanza. Moja. Mbili. Pweza wa shangazi alikuwa ameiva vizuri, siwezi kumsingizia, lakini pweza ni kamba tupu: unamtafuna anagawanyika nyuzi, nyuzi zinashikana, anakuwa mmoja tena. Nane. Tisa. Shangazi kasimama. Kumi.

Babu akanigeukia. "Mjukuu wangu, hivi Dar ulikwenda kufanya nini hasa?"

Sinia letu lote likanyamaza. Wakwe wananitazama. Huwezi kumjibu mzee na chakula mdomoni. Kumi na moja, nikameza, nikasema, "Ngiri, babu."

Nilijua palepale. Kwanza kwikwi moja, moja tu, kubwa, kama chura. Kisha pua ikaanza kutiririka na nikapiga chafya mbili. Hiyo ndiyo kengele ya tumbo dogo: kwikwi, kamasi, chafya, halafu uzito chini ya chembe cha moyo kama kuna mtu kakusimamishia kisigino hapo. Kipande kilikuwa kimekwama. Baada ya wiki tano ule mrija bado una uvimbe, na una kona yake katikati. Kitu kikubwa kikifika hapo kinageuka kizibo.

Cha kufanya kinajulikana. Acha kula. Usinywe kitu juu yake. Simama, tembea polepole, subiri. Mara nyingi kinateremka chenyewe, au kinarudi kilikotoka. Nikasimama, nikaomba radhi, nikaenda kwenye minazi nyuma ya turubai, nikawa naizunguka.

Tatizo ni mate. Mdomo haujui kwamba chini kumefungwa. Unaendelea kutengeneza mate, tena mazito, mengi kuliko kawaida, ukiyameza yanakaa juu ya kizibo, yanachanganyika na hewa, yanakuwa povu. Nikawa natema, nazunguka, nashika mnazi, natema. Kutoka kwenye turubai watu walikuwa wanaona mtu anayepepesuka.

"Ntu nzima kalewa nchana wa harusi!" bibi mmoja alisema, na hakunong'ona.

Shangazi akanifuata mbio na soda ya baridi. "Shushia, baba, kimekukaba." Nilitikisa kichwa. Akaniwekea chupa mdomoni. Mafunda mawili yalipita, na ndio ukawa mwisho wa siri yangu. Soda ni gesi. Gesi ilishuka, ikakuta mlango umefungwa, ikarudi na kila kilichokuwa njiani. Povu likatoka. Si kidogo. Povu jeupe, limenata, linaning'inia kidevuni mpaka kwenye tai.

Hapo mkutano ukagawanyika. Wanaosema sumu walikuwa karibu na masufuria. Wanaosema gongo walikuwa na babu. Waliobaki wakasema jini, na hao ndio walikuwa na vifaa: ustadhi aliyekuja kwa ajili ya nikaha akanishika kichwa akaanza kusoma, mtu akaleta chetezo, moshi wa ubani ukaniingia puani, nikakohoa.

Kikatoka. Kilidondoka kwenye mkeka mbele ya babu, kizima, na vikombe vyake vya kunyonyea vikihesabika. Babu akainama, akakichunguza kwa utulivu wa mtu anayekagua korosho.

"Pweza huyu hakutafunwa," akasema.

Nafuu ilikuja mara moja, kama mtu kakuondolea gunia mgongoni. Kijana mmoja akanipa kidonge cha maumivu, mke wangu akatokea asikotokea akampiga kijana mkono kidonge kikaruka. Zile dawa za jamii ya diklofenaki na ibuprofeni ni marufuku kwangu, zinaweza kuleta vidonda kwenye tumbo lililotoka kukatwa. Natumia parasetamoli basi. Lakini nani anajua? Waliona mke anampiga mgeni harusini.

Babu akachomoa chupa kwenye koti langu. Akanusa. Akanusa tena. Akamimina kwenye kikombe changu, akaonja, na nikaona uso wake ukianguka.

"Maji," akasema. Sijawahi kusikia neno hilo likitamkwa kwa masikitiko hivyo.

"Amekatwa tumbo!" mke wangu akapiga kelele. "Si ngiri, si pombe, si jini! Amekatwa tumbo apungue, na haruhusiwi kula pweza!"

Ustadhi akaondoa mkono kichwani mwangu. Kimya. Shangazi akakaa kwenye mkeka.

"Mlilipa?"

"Tulilipa, shangazi."

"Pesa? Ili asile?" Akanitazama kwa muda mrefu. "Mngeniletea mimi. Ningemnyima bure."

Jioni tulimpigia simu muuguzi. Akauliza kwa mpangilio: homa? Hamna. Moyo unakwenda mbio hata ukikaa? Hapana. Maumivu ya bega la kushoto, maumivu ya tumbo yanayozidi? Hapana. Maji yanapita? Nikanywa kikombe kimoja yeye akiwa hewani, yakapita. Kama yasingepita, au ningeendelea kutapika, ilikuwa niende hospitali usiku uleule. Basi rudi kwenye majimaji siku mbili, akasema, kisha vya kusagwa siku mbili, kisha uendelee ulipoishia. Na ni nani alikupa pweza? Nikasema shangazi. Akasema kila mgonjwa ana shangazi.

Asubuhi yake nilikuwa barazani, kikombe mkononi, maji ya uvuguvugu. Babu akatokea juu ya ua na kikombe chake cha kahawa, kimekaribiana sana na changu kwa ukubwa.

"Cha ngapi hicho?"

"Cha tatu, babu."

Akanywa, akatazama saa yangu, akasubiri pamoja nami.

"Hilo lililokatwa," akasema baadaye, "lilikuwa kilo ngapi?"

Sikuuliza.

Aligeuza shingo akanitazama, kisha akatazama njia ya kwenda ghalani. "Mpima mizani wewe," akasema, "halafu umeacha mzigo bila kupima?"