Uoni hafifu: asome kwa macho au kwa vidole?

Mtoto asiyeona kabisa hana mjadala: anaanza na nukta nundu, yaani maandishi ya nukta zilizoinuka yanayosomwa kwa vidole. Mvutano uko kwa mwenye uoni hafifu, yule ambaye jicho lake bora, hata likivishwa miwani, halifiki 6/18 (yaani kwa mita 6 halioni hata kile ambacho jicho zima hukiona kwa mita 18), lakini bado anatambua rangi, picha, na herufi akizisogelea. Wapo wanaosema asome kwa macho hadi yatakapogoma. Wengine wanataka vidole vianze mapema.

Hoja ya kwanza ina nguvu. Maandishi ya wino mzazi anayajua, jirani wa dawati anayasoma, na kitabu kimoja hakigeuki majuzuu kadhaa mazito. Tena si lazima herufi zikuzwe kila mara: karatasi ikisogezwa kutoka sentimita 40 hadi 10, herufi huonekana kubwa mara nne, na jicho la mtoto mdogo kwa kawaida huhimili umbali huo. Kusogeza kitabu usoni hakuharibu macho, kwa hiyo asikaripiwe. Mtoto mwenye ualbino, ambaye uoni wake kwa kawaida hauporomoki, mara nyingi humudu kwa maandishi makubwa ya pointi 18 (kipimo cha ukubwa wa herufi), meza ya mshazari na kiti kisichotazama dirisha.

Lakini kukuza si dawa ya kila jicho. Ugonjwa wa retina (utando wa nyuma ya jicho unaopokea mwanga) unaobana uwanja wa kuona humfanya mtoto aone kama anachungulia tunduni. Ukikuza herufi, neno "mwanafunzi" linambakizia "mwa" tu, na inabidi aunge vipande. Ugonjwa ukisonga, atahitaji nukta akiwa kijana, wakati masomo mengine yanamkimbia. Hapa sioni sababu ya kungoja.

Wanaobaki katikati huponzwa na kipimo. Mtoto hupimwa dakika mbili, kwenye mwanga mzuri, kabla hajachoka. Akisoma mstari, anapitishwa. Mpeni dakika 20. Hesabuni maneno aliyosoma sawasawa katika dakika ya kwanza na ya 20, na pimeni umbali wa pua na karatasi mara zote mbili. Kasi ikianguka, macho yakilengwa machozi, au akishindwa kusoma mwandiko wake wa jana, wino peke yake haumtoshi. Rudieni kila mwaka.

Wapinzani hudai kwamba mtoto anayeona kidogo hasomi nukta kwa vidole. Ni kweli huzichungulia, kwa kuwa kila nukta ina kivuli chake. Kumfunga macho humtisha. Tandazeni kitambaa juu ya mikono yake na karatasi. Anzeni na kasha la mayai sita lililosimamishwa, kila shimo likiwa nafasi ya nukta moja ya herufi: 1, 2, 3 kushoto, 4, 5, 6 kulia, kutoka juu kwenda chini. Herufi e (1-5) na i (2-4) zinatazamana kama kwenye kioo, kwa hiyo msizifundishe juma moja. Kidole kiteleze kwa wepesi. Kikisugua juu na chini, herufi bado haijatambulika. Kuandika kuanze kwa mashine ya vitufe sita, maana kibao na kalamu ya kutobolea huandika kinyumenyume, kutoka kulia kwenda kushoto.

Pingamizi zito kuliko yote ni muda. Njia mbili zinataka mwalimu anayezijua zote na walau nusu saa ya nukta kila siku. Kipindi kimoja kwa wiki husahaulika kabla ya kinachofuata, kisha mtoto huandikwa kwamba ameshindwa nukta, ilhali hakufundishwa.