Mkaa wangu umeingia kwenye mfumo

Leo msinisalimie. Mi ni dereva wa chuo, mwaka wa 19 huu nashika usukani wa gari la namba za SU, yaani la shirika la umma, na miaka yote hiyo nikitaka likizo najaza fomu, nampelekea mama wa masjala, nampa shikamoo yake, faili linazungushwa na mhudumu ofisi kwa ofisi, likirudi mkubwa kaandika kwa kalamu "aende". Basi naenda. Leo asubuhi nimekuja na fomu yangu nimeikunja vizuri kwenye mfuko wa shati, naambiwa fomu zimekufa, likizo inaombwa kwenye mfumo.

Nikauliza mfumo unakaa chumba namba ngapi.

Wakacheka weee. Haya. Kijana wa TEHAMA akanifungulia, mfumo ukadai nywila yenye herufi kubwa, tarakimu na alama, nikaweka jina la mke wangu ukaniambia dhaifu. Mke wangu huyuhuyu? Hiyo nimeiacha. Bando lililoliwa hapo katikati nalo nimeliacha.

Kasheshe iko masjala. Nashuka kumuona mama namkuta kazungukwa na majalada mpaka kiunoni, wanaskani mafaili ya watumishi wote, folio kwa folio, yaani kila karatasi yenye namba yake kwenye faili, anatoa pini, ananyoosha karatasi, mashine inapiga picha kwa nukta 300 kwa inchi, anarudisha pini, zingine mchwa walishaanza kuzisoma kabla yake. Nikampa pole.

"Asante baba. Lako tumelimaliza jana. Lilikuwa na mambo!"

"Mambo gani tena mama?"

"Si ile barua ya mkaa."

Magoti yakalegea. Wenzangu, kuna barua ya onyo ya 2009, nilipakia magunia 2 ya mkaa kwenye gari la chuo tukitokea Chalinze, na ile barua ilipotea. Sikuipoteza mimi! Ilipotea kama barua zinavyopotea, ofisi zilihama, paa likavuja, mtu akamuonea mtu huruma. Faili likatoka folio 22 likaruka 24 na hakuna aliyeuliza. Kumbe 23 ilijibanza kwenye faili la dereva mwenzangu, marehemu sasa, wameikuta wakati wa kuskani na mama kwa uaminifu wake akairudisha nyumbani. Nikamwambia kwa heshima zote, mama, si ungeiacha ipumzike na marehemu? Akanisomea sheria! Eti Sheria ya Kumbukumbu na Nyaraka ya 2002, nyaraka ya umma haiharibiwi bila kibali. Mama huyuhuyu ambaye mwaka jana alinifungia maandazi kwa dokezo.

Hata hilo ningelimeza. Ila mfumo una sehemu ya kutafuta, unaandika neno moja unamwagiwa kila karatasi yenye hilo neno, na mafaili yetu binafsi yalitakiwa yafungwe ayaone afisa utumishi tu, kijana wa TEHAMA anasema hiyo "bado inafanyiwa kazi". Sasa mnajua lile agizo la serikali, taasisi zinazolisha watu zaidi ya 100 kwa siku ziachane na kuni na mkaa, mwisho ulikuwa Januari 2024. Mtu wa manunuzi leo anaandaa ripoti ya kantini, kaandika "mkaa". Unafikiri kilitokea nini cha kwanza? Jina langu, namba ya gari, magunia 2, na sahihi ya mkubwa chini.

Akadhani mi mzabuni.

Kanipigia simu nipo mataa ya Ubungo. Kwa sauti ya kiofisi kabisa ananijulisha kwamba chuo kimehamia gesi kwa hiyo huduma yangu imesitishwa, na naombwa niwasilishe risiti za EFD, zile za mashine ya kodi, za mkaa wote niliowahi kuuza hapo. Mimi! Mjumbe wa shina, watu mtaani wananiachia funguo zao wakisafiri, nakatiwa mkataba ambao sikuwahi kuupata. Namwambia mheshimiwa mi ni dereva, niliyekupeleka Dodoma wiki iliyopita ukalala njia nzima mdomo wazi, anajibu "sawa, lakini kwenye mfumo inasoma hivi."

Inasoma hivi. Na mbona haisomi kwamba gunia la pili lilishushwa nyumbani kwa huyohuyo aliyesaini onyo? Niliamka saa tisa usiku nikalibeba kwa mgongo huu mpaka jikoni kwake! Hilo halina folio? Na bado alilalamika eti lina chenga nyingi, mtu hajatoa hata mia mbovu, anachambua chenga.

Likizo nimeiangalia sasa hivi, inasoma "inasubiri". Inamsubiri nani haisemi.

Halafu gesi yenyewe hii, kwangu tuna kile kimtungi kidogo, jana kimekata pumzi maharage bado yanagonga kwenye sufuria. Hapa nilipo mama watoto kanitumia meseji nikitoka kazini nipitie mkaa kopo mbili. Nimemjibu haraka aifute, aandike "ile kitu".