Filamu Isikatwe ili Kujaza Kioo

Juzi usiku kituo kimoja cha televisheni kilirusha filamu ya zamani iliyopigwa kwa ajili ya kumbi za sinema. Katika ugomvi wa mume na mkewe tulimwona mume peke yake akijibizana na sauti tu, kwa kuwa mke alisimama ukingoni mwa picha na ukingo wenyewe ulikuwa umekatwa. Nilikasirika, na hasira haijaniisha.

Sinema na televisheni hazitofautiani kwa ukubwa pekee, bali pia kwa umbo la picha. CinemaScope, mfumo wa kupiga na kuonyesha filamu kwa picha pana, ilipozinduliwa mwaka 1953, Hollywood ilikuwa inatanua picha makusudi ili kumpa mtazamaji kile ambacho televisheni ya nyumbani, yenye kioo kilichokaribia mraba, haikuweza kumpa. Waongozaji wakajifunza kusimulia kwa upana huo: wawili waliofarakana huwekwa mmoja kulia na mwingine kushoto, na nafasi tupu iliyo kati yao ndiyo inayotueleza hali ya ndoa yao. Filamu yenye uwiano wa 2.35 kwa 1, yaani upana kwa kimo, ikijazwa katika kioo cha 4 kwa 3, zaidi ya asilimia 40 ya picha hupotea. Katika kioo cha leo cha 16 kwa 9 hupotea karibu robo. Katika filamu ya Lawrence of Arabia ya mwaka 1962, mwigizaji Omar Sharif anatokea mbali jangwani akiwa doa dogo. Doa hilo lingebaki hata kingo zikikatwa, lakini jangwa lingepungua, na jangwa ndilo linalotutia hofu.

Kosa la kinyume, la kuvuta vipindi vya zamani vya televisheni ili vijaze kioo kipana cha leo hadi nyuso zikawa pana, linaudhi vilevile.

Ninakubali, kwa shingo upande, kwamba televisheni inaweza kukaa na wahusika kwa miezi na kuusogelea uso kwa namna inayofaa sebuleni. Tena kumbi nyingi za sinema katika miji yetu zimefungwa, kwa hiyo kwa wengi wetu televisheni ndiyo mlango pekee wa kuzifikia filamu hizo, na hilo linazidisha wajibu wa vituo kuzirusha zikiwa nzima, pamoja na mikanda myeusi juu na chini. Nasi nyumbani, kituo kikishafanya hivyo, tusichukue rimoti na kuikuza picha hadi ijaze kioo.