Msiisahau dobi ya Bartestree

Asante mwandishi kwa habari ya nyumba ya watawa ya Bartestree, Herefordshire, Uingereza, ambayo sasa ni fleti. Umeyasifu madirisha marefu yaliyochongoka juu, nami nakubali: msanifu E. W. Pugin, aliyeichora mwaka 1863, alijua kuinua macho ya mtu. Ni mtoto wa yule Pugin aliyenakshi Bunge la London, na damu inaonekana.

Ila umeliruka jambo ninaloliona kubwa kuliko madirisha. Masista wa Mama Yetu wa Upendo walichukua wasichana na wanawake waliokosa pa kwenda, na dobi, yaani sehemu ya kufulia nguo, ndiyo iliyoendesha nyumba. Korido zile ndefu mnazoziita za kupendeza zilijengwa ili watu wengi walale, wasali na wafanye kazi chini ya jicho moja. Anayenunua chumba pale anastahili kuambiwa hivyo.

Na kile kikanisa cha karne ya 14 kando yake! Kilibomolewa huko Longworth kikajengwa upya hapo miaka ya 1869 na 1870. Nashukuru hakikukatwa vyumba. Nimeingia makanisa mengine Uingereza yaliyogeuzwa makazi: sakafu mpya imepita katikati ya dirisha, mkazi wa chini amebaki na nguzo, wa juu amepata ncha ya tao sakafuni karibu na kitanda. Inaniuma kila nikiona. Wasanifu, tafadhali, acheni hata ukumbi mmoja uwe na kimo chake chote, wakazi wautumie pamoja.