Sungura wa Dodoma Anazitaka Mbichi Hizi

Juzi niliingia katika duka la pembejeo kutafuta wavu wa kuzungushia miche yangu ya miembe, inayotafunwa na sungura. Muuzaji alinitazama kama mtu aliyepotea njia, kisha akaniwekea mezani kichupa cha dawa ya kuulia wadudu na kunielekeza niichanganye na pumba, niimwage bustanini jioni, nami nikalale. Mteja aliyekuwa nyuma yangu aliafiki. Ninaandika kabla hasira haijanitoka.

Hebu tuulizane nani atakayeila pumba hiyo. Sungura hutoka usiku kufuata machipukizi mabichi na magome laini. Kama shida yake ingekuwa pumba, angeenda mashineni. Wanaowahi pumba alfajiri ni kuku wa jirani na kanga, kisha mbwa anamwokota kuku aliyekufa, na sisemi lolote kuhusu mtoto anayetambaa. Hongera, umeua nusu ya mtaa na mche wako umeliwa vilevile.

Yule wa hadithi alisema sizitaki mbichi hizi, lakini huyo hakupata kuishi Dodoma. Mvua zetu ni za msimu mmoja, kuanzia Desemba hadi Aprili, na ikifika Juni nyasi zote zimegeuka rangi ya vumbi, isipokuwa ule mche unaoumwagilia maji ya kununua. Isitoshe, viwanja vya Iyumbu, Nala na Mtumba vilikuwa pori hadi hivi majuzi tu. Serikali ilipoamua kwa dhati kuhamia huku mwaka 2016, watumishi walipewa barua za uhamisho. Sungura hakupewa yake, naye yupo palepale alipozaliwa.

Kabla ya kumlaumu yeyote, litazameni jeraha. Sungura hukata kijiti kwa mshazari, safi kama kwa wembe, ilhali mbuzi, ambaye hana meno ya mbele katika taya la juu, huvuta na kuchana, akaacha nyuzinyuzi zikining'inia. Mbuzi wengi wa mtaani wamesingiziwa, ingawa nakiri, kwa shingo upande, kwamba si wote walioonewa. Sungura akitafuna gome kuzunguka shina lote, mti umekwisha hata kama majani bado ni ya kijani, kwa kuwa chakula kinachotengenezwa na majani hakishuki tena mizizini. La kuuma zaidi ni mwembe uliobebeshwa, yaani wa aina bora uliounganishwa juu ya shina la mwembe wa kienyeji: ukikatwa chini ya kiungo, huchipua upya kwa furaha, nawe unaendelea kuumwagilia miaka kadhaa bila kujua kwamba kinachokua ni ule mwembe wa kienyeji wa chini, wala si aina uliyoilipia.

Dawa yake ni wavu wa kuku, basi. Matundu yasizidi sentimita 3, kimo kiwe kati ya sentimita 75 na 90, na wavu ukae mbali kidogo na shina ili asifikishe mdomo. Sungura pori hachimbi mashimo, lakini hujipenyeza chini ya wavu uliolegea, kwa hiyo ukingo wa chini ukunjwe kwa nje, ufukiwe na kubanwa kwa vigingi. Salfeti iliyofungwa kwenye shina badala ya wavu hukaribisha mchwa. Pilipili ya kunyunyizia huoshwa na maji ya kumwagilia. Matawi ya miiba yanafaa kwa msimu mmoja, sikatai, hadi mchwa hao hao wayamalize. Mwenye shamba la zabibu kule Hombolo au Mpunguzi hawezi kuzungushia kila mche, hivyo ni afadhali azungushie kitalu kizima cha miche michanga na kuiacha mizabibu mikubwa, ambayo mashina yake yamekwisha kukomaa.

Kilichonikwamisha dukani, hata hivyo, si bei peke yake. Wavu hawaukati, ama uchukue roli nzima, ama uondoke na kichupa chao cha sumu. Duara lenye upana wa sentimita 40 linahitaji takriban mita 1.3 za wavu, kwa hiyo roli ya mita 30 inatosha miche 23, na hakuna mtu mtaani kwetu mwenye miche mingi kiasi hicho. Tumeanza kuchangishana tununue moja kwa pamoja. Jirani anayetaka kuingia aje kabla nyasi hazijakauka.